Diploma ya usaidizi wa sheria: itamfikisha mwanao kwenye uwakili?

Mzazi wa Kamakis, mwanao amemaliza kidato cha nne na anasema anataka kuwa wakili. Karo ya chuo kikuu huna. Je, umpeleke asomee usaidizi wa sheria?

Faida ipo. Kenya School of Law, mtaani Karen, hufundisha diploma hiyo kwa miaka 2. Mwanafunzi hujua kuandaa hati na kufuatilia faili kortini. Huku Ruiru, ambako ploti huuzwa kila kukicha, kazi hiyo ina maana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi hawa, mradi wameidhinishwa na wanasimamiwa.

Lakini usidanganyike: diploma haimfanyi mtu wakili. Bado atahitaji shahada ya sheria, mafunzo ya uwakili na mitihani yake. Tena chunguza alama zake za Kiingereza na Kiswahili. Wako waliofika na shahada mkononi wakarudishwa kwa sababu ya alama za kidato cha nne, wakaishia kortini.

Akianza na diploma ili apate kazi na aijue sheria, vyema. Ukiilipia ukidhani ni njia ya mkato, utajuta.