Ozoni na Kaboni Iliyomo Katika Maji ya Kunywa

Maji ya mto au ya ziwa, hata yanapoonekana maangavu, huwa na mabaki ya majani na viumbe vilivyooza. Mabaki hayo yaliyoyeyuka hupimwa kwa wingi wa kaboni iliyomo ndani yake, ambao aghalabu ni miligramu chache tu katika kila lita. Hata hivyo, ndiyo yanayoyapa baadhi ya maji rangi ya chai, na ndiyo yanayoungana na klorini kufanya misombo isiyotakiwa. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook wa Uholanzi alionyesha kuwa klorofomu hutokea kwa njia hiyo.

Ozoni ni gesi ambayo molekuli yake ina atomu tatu za oksijeni. Kwa kuwa haihifadhiki, hutengenezwa papo hapo kwa kupitisha hewa kavu au oksijeni katika umeme wa volteji kubwa. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kuitumia kusafishia maji mwaka 1906. Ozoni huua bakteria na virusi upesi, tena huondoa rangi na harufu. Je, huiondoa kaboni pia?

Jibu ni kwamba, kwa vipimo vinavyotumika kwa kawaida, jumla ya kaboni hupungua kidogo tu. Kinachobadilika ni hali yake. Ozoni hushambulia hasa vifungo maradufu baina ya atomu za kaboni. Molekuli kubwa hukatika zikawa ndogo, kama vile asidi ya fomiki, asidi ya asetiki na fomaldehaidi. Rangi hutoweka kwa sababu vifungo vilivyofyonza mwanga vimevunjwa, lakini kaboni imebaki majini. Gogo lililopasuliwa kuwa kuni halipungui uzito, ila sasa hushika moto kwa urahisi.

Hapo ndipo penye hatari. Molekuli kubwa ni chakula kigumu kwa bakteria, bali vipande vidogo ni chakula chepesi. Ozoni yenyewe haidumu. Baada ya muda mfupi huwa imekwisha majini. Hivyo bakteria wachache wanaoingia katika mabomba hukuta chakula tayari na hakuna wa kuwazuia. Huzaliana na kutanda utelezi ndani ya kuta za mabomba. Maji yaliyotoka kiwandani yakiwa safi huweza kumfikia mtumiaji yakiwa yameharibika.

Dawa yake ni kuwaacha bakteria wale chakula hicho mapema, mahali panapofaa. Huko Mülheim, Ujerumani, kiwanda cha maji ya mto Ruhr kiliacha mwaka 1977 kutia klorini nyingi mwanzoni mwa usafishaji. Badala yake maji hutiwa ozoni, kisha hupitishwa katika vichujio vya mkaa maalumu. Juu ya punje za mkaa huishi bakteria wasiodhuru, ambao hula vile vipande vidogo na kutoa kabonidioksaidi. Hapo ndipo kaboni inapopungua kwa kweli.

Basi ozoni na chujio hukamilishana: ozoni hupasua, bakteria hula. Mwanafunzi akumbuke kwamba maji yasiyo na rangi si lazima yawe yamekwisha kaboni, na kwamba kubadilisha kitu si sawa na kukiondoa.