Mtawa wa Filamu na Sista wa Kweli

Vijana wetu wengi kutoka Mombasa, Kilifi na Lamu wanasoma au wanafanya kazi Thika na Ruiru. Huko mtu hupanga chumba pua na mdomo na kanisa, na sista wa Kikatoliki huwa jirani wa kila siku. Ikiwa kijana amewajua masista kupitia filamu ya kutisha ya "The Nun" pekee, yafaa aelezwe alichokitazama.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2018, ikaongozwa na Corin Hardy. Kisa chake kimewekwa Romania mwaka 1952. Mtawa mmoja anajiua katika nyumba ya watawa, na Vatican inamtuma padri pamoja na msichana anayejiandaa kuwa sista, Irene, wakachunguze. Huko wanakutana na shetani aitwaye Valak, mwenye umbo la mtawa.

Jina hilo limo katika vitabu vya kale vya uchawi vya Ulaya. Lakini humo anaelezwa kama mtoto mwenye mabawa aliyepanda joka la vichwa viwili. Vazi la kitawa alivishwa na watengenezaji wa "The Conjuring 2" mwaka 2016. Walijua kwamba uovu hutisha zaidi ukitokea mahali pa ibada. Ni ubunifu wa sinema, si mafundisho ya Kanisa.

Kenya ina Sista Irene wake wa kweli. Irene Stefani, Mwitaliano wa shirika la Consolata, alifika mwaka 1915. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi huku kwetu Voi, kisha Kilwa na Lindi. Alifariki mwaka 1930 huko Gikondi, Nyeri, baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Mwaka 2015 alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri.

Haya yatuhusu nini sisi Waislamu? Yatuhusu kwa sababu machungu yake tunayajua. Mara ngapi sinema imemvika gaidi kanzu na kilemba, kisha dada zetu wa buibui wakatazamwa kwa jicho baya ndani ya matatu? Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Basi mzazi, angalia alama ya umri kabla watoto hawajatazama. Nawe kijana uliyeko Thika au Ruiru, ukikutana na sista njiani, msalimu. Huyo ni jirani yako, na jirani ana haki zake.