Kuogelea si Anasa

Wako wanaouhesabu mchezo wa kuogelea kuwa starehe ya wageni wa mahoteli makubwa ya Kampala. Historia inakanusha. Vegetius, mwandishi wa mambo ya vita wa Dola ya Kirumi, alishauri kila askari mpya afundishwe kuogelea, kwa kuwa mito haina madaraja kila mahali, na jeshi linalorudi nyuma aghalabu hukuta maji mbele yake. Warumi walifanyia mazoezi yao kando ya mto Tiber.

Katika Olimpiki ya 1896, mjini Athens, waogeleaji walishindana baharini, tena katika maji baridi. Alfréd Hajós wa Hungaria, ambaye baba yake alikufa maji katika mto Danube, alishinda mara mbili. Wanawake waliruhusiwa mwaka 1912. Uganda nayo, katika Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, iliwakilishwa na Husnah Kukundakwe, msichana wa miaka 14.

Hata hivyo, tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe MV Templar ilizama katika Ziwa Viktoria, karibu na ufuko wa Mukono. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengi hawakuvaa maboya. Mashua za wavuvi waliokimbilia kuokoa zilielemewa na watu waliozidandia. Wapiga mbizi wa polisi na jeshi ndio walioingia majini kuzitafuta maiti.