Kitulo, Uwanda Unaohifadhi Uhai Ardhini

Uwanda wa Kitulo uko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Njombe na Mbeya, kwenye kimo cha takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Umezungukwa na safu za Kipengere, Poroto na Livingstone, na Mtorwi, wenye mita 2,961, ndio mlima mrefu kuliko yote ya kanda hiyo. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 kilomita za mraba zipatazo 413 zilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Udongo wake ni mweusi, wenye rutuba, uliotokana na volkano. Maji yanayonywewa na uwanda huu hulisha vijito vinavyoelekea Ruaha Mkuu upande mmoja na Ziwa Nyasa upande mwingine. Kwenye miteremko ya Livingstone kuna msitu mnene na mianzi, makao ya kipunji, kima aliyeelezwa rasmi na wanasayansi mwaka 2005 tu.

Juu uwandani miti ni michache. Nyasi ndizo zimetawala. Kati ya Juni na Agosti usiku huwa na baridi kali, hata jalidi huanguka, na moto wa kiangazi hupita mara kwa mara. Anayefika wakati huo huona majani makavu na kudhani pamekufa. Kumbe mimea mingi imejificha ardhini, kwenye viazi na mashina yaliyojaa akiba ya chakula, ambako baridi na moto haviifikii. Mvua za Novemba zikishika, huchipua upya, na hadi Aprili uwanda hubadilika rangi wiki baada ya wiki. Zaidi ya spishi 350 za mimea zimeorodheshwa, zikiwemo aina 45 hivi za okidi zinazoota ardhini. Hata mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayekuja kuzaliana msimu huo, hujenga kiota ndani ya mashimo, mengine yakiwa yamechimbwa na mhanga.

Okidi ndizo fahari ya Kitulo, na ndizo zilizo hatarini zaidi. Kila msimu mmea hutengeneza kiazi kipya kando ya kile cha zamani kinachosinyaa. Kipya ndicho kitakachochipua mwaka unaofuata. Bahati mbaya, hicho hicho ndicho mchimbaji anachokitaka. Nchini Zambia viazi hivyo husagwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga kuwa chakula kigumu kinachokatwa vipande, kiitwacho chikanda. Soko lake ni kubwa kiasi kwamba viazi vya Nyanda za Juu Kusini vimekuwa vikivushwa mpaka kwa magunia.

Kung'oa kiazi ni kuua mmea wote, na pengo lake halizibiki upesi. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula. Haioti mpaka ikutane na kuvu maalumu udongoni inayoilisha mwanzoni. Ndiyo maana okidi hizi haziwezi kupandwa shambani kirahisi kama viazi mviringo au pareto vinavyolimwa vijijini jirani. Ndani ya hifadhi uchimbaji umekatazwa. Nje ya mipaka yake, wachimbaji huendelea kutafuta viazi hivyo katika majani mabichi ya msimu wa mvua, wakati maua yanapoonyesha mahali pa kuchimba.