Uskoti na Mito Yetu (2): Stima Iliyoitwa Kenia

Tarehe 3 Septemba 1888 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) ilipewa hati ya kifalme. Mwenyekiti wake, William Mackinnon, alizaliwa Campbeltown, Uskoti, akatajirika kwa meli za kampuni ya British India, ambazo tangu 1872 zilichukua barua kutoka Aden hadi Unguja. Kwa tajiri wa meli kama huyo, mito ya Tana na Juba ilikuwa njia tayari za kuingilia bara.

Mwaka 1891 Kapteni F. G. Dundas aliipandisha Tana stima ya kampuni iliyoitwa Kenia, chombo cha kuchoma kuni chenye gurudumu la kusukuma maji nyuma. Mlango wa mto ulikuwa na fungu la mchanga lililotisha manahodha, hivyo vyombo vilizoea kuingia kwa mto Ozi na kupenya mfereji mwembamba wa Belezoni, njia ambayo wenyeji waliitumia kwa mitumbwi. Kenia ilifika Hameye, juu zaidi ya ulipo mji wa Garissa leo. Safari ilifanikiwa, lakini biashara haikufuata: Tana hujipinda mno, mchanga wake huhama kila mafuriko, na wakati wa kiangazi maji hupungua hata stima ikakwama.

Mwaka 1892 Dundas aliingia Juba kwa Kenia na kufika Bardera. Juu ya mji huo aliyakuta mabaki ya Welf, stima ya Mjerumani Karl Klaus von der Decken, iliyovunjika mwaka 1865 na mwenyewe akauawa Bardera.

Mwaka 1893 ulikuwa mchungu. Mackinnon alifariki mwezi Juni. Vurugu zilipozuka karibu na Kismayu, mabaharia wa manowari ya Uingereza Blanche waliichukua Kenia na kwenda nayo kushambulia vijiji vya mto Juba. Chombo kilicholetwa kwa biashara kikawa silaha dhidi ya watu waliotarajiwa kuwa wateja, na hilo ni doa kubwa katika historia hii.

Kampuni ilishindwa, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikatangaza himaya. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafuata njia nyingine, mbali na Tana. Juba, iliyokuwa mpaka na Waitaliano tangu Machi 1891, ilibaki hivyo hadi 1925, Jubaland ilipokabidhiwa Italia na mpaka ukasogezwa magharibi hadi ulipo sasa, mashariki ya Garissa.