Kapu la Nyanya Kwenye Lango la Jumuiya

Alfajiri mjini Busia, akina mama wanaingia Kenya kutoka upande wa Uganda wakiwa na makapu kichwani: nyanya, ndizi, dagaa. Mbele yao kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja ili msafiri asisimamishwe mara mbili. Malori yamepanga foleni kuingia kituoni. Lakini baadhi ya akina mama wale hawaelekei langoni. Wanakata kona na kushika njia za panya, ambako mzigo unaweza kutaifishwa na mwanamke anaweza kudaiwa rushwa, au jambo baya zaidi.

Mtu mwenye kapu la nyanya anakimbia nini? Swali hili ni dogo, lakini jibu lake linatueleza mengi kuhusu nani amo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na nani bado yuko nje.

Kwa mujibu wa sheria, mama huyu hana sababu ya kukimbia. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005, na bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha inapovuka kutoka nchi mwanachama moja hadi nyingine. Ili mchuuzi asisumbuke na makaratasi, kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Kama mzigo hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, fomu inajazwa palepale mpakani, ofisa wa forodha anagonga mhuri, na mtu anapita bila kumlipa wakala.

Ni utaratibu mzuri, na waliouandaa walimfikiria mnyonge. Tatizo ni kwamba cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Vibali vya afya ya mimea, vipimo vya ubora na kodi za ndani vinabaki palepale. Fanya hesabu kidogo. Mwenye lori la tani 20 za mahindi ana magunia 200 ya kilo 100. Gharama ya kipimo kimoja anaigawa kwa magunia 200. Mwenye magunia mawili anaigawa kwa mawili. Sheria ni moja na ada ni moja, lakini kwa huyu wa pili ada hiyo inaweza kumeza faida yote. Hakuna aliyeandika popote kwamba wanyonge wasipite. Hesabu yenyewe ndiyo inayowafungia mlango.

Tuliliona hilo Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa kuhofia sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka, na hofu hiyo haikuwa ya bure: mwaka 2004 sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 nchini Kenya. Baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti. Mwagizaji awe amesajiliwa, na kila shehena iwe na cheti kinachothibitisha kiwango cha sumukuvu. Kwa kampuni, masharti hayo ni kazi ya karani. Kwa mwanamke anayenunua debe hili leo na lile kesho kwa wakulima tofauti, ni sawa na kuambiwa aache biashara. Afya ya mlaji lazima ilindwe. Lakini kumlinda mlaji bila kumpelekea mchuuzi kipimo anachokimudu ni kumsukuma arudi kwenye njia ya panya, ambako mahindi hayapimwi kabisa.

Kwenye ajira nako mambo ni yaleyale. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatoa uhuru wa kwenda kufanya kazi nchi nyingine mwanachama. Ukisoma viambatisho vyake utakuta nchi zimeorodhesha kazi ambazo zimezifungua, na kwa sehemu kubwa ni za mameneja, wataalamu na mafundi wenye vyeti. Kibarua wa shambani na msichana wa kazi za nyumbani hawamo katika picha hiyo, ingawa wanavuka mipaka kila mwaka. Na Julai 2025 Tanzania ilipowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ilitaja kutengeneza simu, saluni na rejareja, lakini ikaziacha supamaketi. Nia ya kulinda riziki ya Mtanzania mdogo inaeleweka. Hata hivyo, aliyefungiwa ni mdogo mwenzake wa upande wa pili, na mwenye mtaji mkubwa akabaki na mlango wake wazi.

Haki nayo ina ngazi zake. Aprili 2011 mwanasheria Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alizuiwa kuingia Uganda alipotua Entebbe. Alikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na Mei 2013 akashinda. Ushindi ule ulikuwa wa wananchi wote, kwa kuwa Mkataba wa Jumuiya unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri. Lakini Mkataba huohuo unampa miezi miwili tu ya kufanya hivyo, na unaitaja lugha ya mahakama kuwa Kiingereza. Mwanasheria aliweza. Muuza nyanya aliyenyang'anywa kapu lake ataanzia wapi?

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Wanaoisifu Jumuiya kwenye mikutano ni wale ambao mvua hiyo imewafikia. Nao wasisahau kwamba Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilikufa baada ya miaka 10. Mkataba wa mwaka 1999 unataja sababu za kifo hicho katika utangulizi wake, na miongoni mwake ni ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, pamoja na mgawanyo wa manufaa usio sawa. Kwa maneno mengine, waasisi walikiri kwa maandishi kwamba kuwaacha watu nje kulichangia kuiua Jumuiya.

Dawa inajulikana. Ada za vipimo ziendane na ukubwa wa mzigo. Vikundi vya wachuuzi vipimiwe mahindi kwa pamoja, cheti kimoja kwa magunia ya wanachama wote. Maelekezo mpakani yatolewe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Pale Busia, Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Orodha za kazi zifunguliwe kwa vibarua. Na mahakama ipokee malalamiko ya mwananchi kwa lugha anayoijua.

Hayo ni ya viongozi. Wewe unayevuka mpaka na mzigo wako mdogo, usikate kona. Nenda langoni, uliza cheti rahisi cha uasili, na ukiombwa malipo yoyote dai risiti. Cheti hicho kiliwekwa kwa ajili yako. Ni haki yako.