VVU Katika Maisha ya Chuo: Vipimo, Dawa na Madhara ya Unyanyapaa

Mwanafunzi anayejiunga na chuo leo amekuwa akisikia habari za VVU tangu shule ya msingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo somo hili limepita katika madarasa, nyumba za ibada, redio na mabango ya barabarani. Ukimwuliza mwanafunzi huyo njia za maambukizi, atazitaja bila kusita. Lakini maarifa ya kujibia mtihani ni jambo moja, na maarifa ya kuishi na watu ni jambo jingine. Ya kwanza yapo kwa wingi. Upungufu wa ya pili huonekana siku mwenzako wa chumba anaposahau chupa ya dawa juu ya meza.

Makala haya yanamweleza mtumiaji wa vipimo na dawa za VVU, hususan kijana aliye chuoni, mambo anayopaswa kuyafahamu ili ajilinde, atumie bidhaa hizi kwa usahihi, na asiwe sababu ya mwenzake kuacha matibabu.

Kinachoambukiza na kisichoambukiza

VVU huambukizwa kupitia majimaji machache ya mwili: damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, pamoja na maziwa ya mama. Maambukizi hutokea kwa kujamiiana bila kinga, kwa kuchangia sindano au vifaa vyenye ncha kali, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha.

Kwa hiyo sahani ya wali mnayoila pamoja, kikombe, choo na bafu la bweni, shuka, ndoo ya kufulia, kukumbatiana na kukohoa si njia za maambukizi. Mbu naye haambukizi: anapouma huingiza mate yake, si damu aliyoinyonya kwa mtu mwingine, na virusi hivi haviwezi kuzaliana ndani ya mwili wake. Wembe na mashine ya kunyolea ni jambo tofauti, kwa kuwa hugusa damu. Kila mtu awe na wembe wake, na mashine isafishwe ipasavyo kila inapotumika.

Hata hivyo, wapo wanaoyajua haya yote na bado huweka kando kikombe cha mwenzao. Hii ni ishara kwamba unyanyapaa hautokani na ujinga peke yake. Mzizi wake wa pili ni hukumu: dhana kwamba aliyeambukizwa “ameyataka mwenyewe.” Dhana hiyo huonekana katika maneno ya mzaha kama “kakanyaga waya,” “ameungua” au “ana ngoma.” Anayeyatamka huenda asikusudie ubaya, lakini hajui ni nani kati ya wanaomsikiliza anayeishi na virusi. Wapo vijana vyuoni waliozaliwa na VVU na kumeza dawa tangu utotoni. Na hata kwa aliyeambukizwa ukubwani, namna alivyoambukizwa haibadilishi haki yake ya kutibiwa na kuheshimiwa.

Asiyegundulika virusi haambukizi mwenza

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawajafundishwa. Dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, huzuia virusi kuzaliana. Mtu anayezimeza kila siku kama alivyoelekezwa, virusi vyake hupungua katika damu hadi kipimo cha maabara kisiweze kuvigundua. Shirika la Afya Duniani limeeleza bayana kuwa mtu aliyefikia hali hiyo, na anayeendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, hali hiyo huthibitishwa kwa kipimo cha kiwango cha virusi kinachofanyika kliniki. Afya njema ya kuonekana kwa macho haitoshi. Pili, ARV hazizuii mimba wala magonjwa mengine ya zinaa, hivyo kondomu bado ina kazi yake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini wanaishi na VVU. Kati ya wanaoishi na virusi, asilimia 82.7 walikuwa wakijua hali zao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye matibabu, na kati ya hao asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Takwimu hizi zina somo: mtu akishajua hali yake, karibu kila mara huanza dawa, na dawa hufanya kazi. Pengo kubwa lipo mwanzoni kabisa, katika kupima. Na hapo mlangoni ndipo hofu ya kunyoshewa kidole inapokaa.

Chupa ya dawa katika bweni

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu anayeficha. Katika bweni lenye vitanda vinne hadi sita, inafaa pia kuwauliza wanaomfanya afiche.

Anayeogopa kujulikana huhamishia vidonge katika kopo la vitamini, huvifunga kwenye karatasi, au hukitoa kile kifuko kidogo cha kufyonza unyevu ili chupa isiwe na vitu vingi vya kugongana. Dawa nyingi za VVU zinazotolewa kwa chupa zinapaswa kubaki katika chupa yake ya asili, kifuniko kikiwa kimekazwa na kifuko hicho kikiwa ndani, kwa sababu unyevu huharibu vidonge. Wengine huruka dozi kwa kuwa chumba kimejaa wageni saa ya kumeza. Dozi zikirukwa mara kwa mara, virusi huongezeka tena na huweza kujenga usugu dhidi ya dawa. Hivyo utani wa chumbani huishia katika damu ya mtu.

Ikiwa unatumia dawa hizi, chagua saa unayoweza kuitunza hata wakati wa mitihani. Waeleze watoa huduma wa kliniki kuwa unaishi bwenini. Anayeendelea vizuri huweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Kabla ya likizo ndefu au mafunzo kwa vitendo mkoani, hesabu vidonge vyako na uombe uhamisho au utaratibu wa kuchukulia dawa kituo kingine.

Mjulishe pia mfamasia kabla ya kununua dawa nyingine. Kidonge kinachotumiwa na wengi kwa sasa kina dolutegraviri. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo, pamoja na virutubisho vya chuma, kalisi au zinki, huzuia dolutegraviri kufyonzwa vizuri. Kwa kawaida mtumiaji huelekezwa kumeza dolutegraviri saa 2 kabla ya bidhaa hizo, au saa 6 baada yake.

Kujipima mwenyewe kwa usahihi

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima VVU na kushusha umri wa kuridhia kupima bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kipimo cha kujipima kinamfaa kijana asiyependa kuonekana kwenye foleni, ilimradi akitumie ipasavyo.

1. Pata kipimo kwenye kituo cha afya, kwa mtoa huduma anayetambulika au kwenye duka la dawa lenye kibali. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na usikubali pakiti iliyofunguliwa au kuchanika. Usikiache juani wala ndani ya gari. Vipimo vingi havipaswi kuhifadhiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 30 za Selsiasi.

2. Soma maelekezo yote kabla ya kufungua. Kwa kipimo cha majimaji ya fizi kinachotumika sana, usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla ya kupima, na usitumie dawa ya meno kwa dakika 30. Jibu husomwa baada ya dakika 20 na kabla ya dakika 40. Kipimo hiki hutafuta kingamwili, si virusi. Kwa hiyo kutumia majimaji ya kinywa hakumaanishi kuwa mate huambukiza.

3. Mstari mmoja kwenye herufi C humaanisha kingamwili hazikuonekana. Mistari miwili, hata kama mmoja umefifia, humaanisha unahitaji vipimo vya uthibitisho kituoni. Usijihesabu kuwa umeambukizwa kabla ya hapo. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika na unapaswa kurudia kwa kipimo kingine.

4. Kingamwili huchukua muda kujitokeza. Ikiwa ulikuwa katika hatari ndani ya miezi 3 iliyopita, rudia kupima muda huo ukitimia.

5. Anayetumia ARV asitumie kipimo hiki kuhakiki kama “amepona.” Dawa huweza kukifanya kitoe jibu lisilo sahihi.

Usimpime mtu kwa kumshurutisha, hata akiwa mchumba wako, wala usisambaze picha ya jibu lake. Kipimo cha kujipima ni cha mtu kujipima.

Ukiwa katika hatari, saa zina thamani

Kondomu ikipasuka, ukibakwa au ukichomwa na sindano iliyotumika, nenda kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio huanza kutumiwa ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, na humezwa kwa siku 28. Mtu anayetumia siku mbili kuwaza atatazamwaje na muuguzi amepoteza sehemu kubwa ya muda huo. Kwa aliye katika hatari ya mara kwa mara zipo dawa kinga za kutumia kabla, ambazo huanzishwa baada ya kupima na kushauriana na mtaalamu.

Tahadhari dhidi ya “dawa ya kuponya”

Hakuna dawa ya kumeza, kunywa au kupaka iliyothibitishwa kuponya VVU. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemwa kuponya maradhi sugu, UKIMWI ukiwemo, na wapo walioacha ARV kwa imani hiyo. Leo ahadi za namna hiyo hupita kwenye simu, zikiambatana na neno “asilia” na malipo kabla ya mzigo. Huwalenga watu wanaoona aibu kuuliza hadharani. ARV hutolewa bila malipo katika kliniki za tiba na matunzo. Anayekuuzia uponyaji kwa siri anaifanya aibu yako kuwa biashara. Toa taarifa kwa Mamlaka au kituo cha afya kilicho karibu.

Haki zako kisheria

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi dhidi ya mtu kwa sababu ya hali yake ya VVU, iwe ya kweli au ya kudhaniwa. Kumnyima mtu nafasi ya kujiunga, huduma, ajira au makazi kwa sababu hiyo ni kosa. Majibu ya vipimo ni siri kati ya mteja na mtoa huduma. Ukitendewa kinyume, andika tarehe na mazingira ya tukio, kisha lifikishe kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, uongozi wa kituo husika au msaada wa kisheria.

Wajibu wa mwenzake

Ukiiona chupa ya mwenzako, irudishe mahali pake na usimsimulie mtu. Akikueleza hali yake, msikilize, na umwache aamue nani mwingine aambiwe. Wakati wa kumeza dawa unapofika, mpe nafasi bila maswali. Mzaha ukianza chumbani, ubadilishe. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha wala utaalamu, lakini kila moja humsaidia mtu kumeza kidonge cha leo, na virusi hufubazwa kwa kidonge cha kila siku.